Nyumba ya Kasubi na Nyumba za Jamaa Zetu

Wapo watu wasemao ya kuwa nyumba ya nyasi haina thamani ya kutunzwa, kwa kuwa nyasi huoza, mchwa hula miti, na moto ukija humaliza yote kwa saa moja. Husema pia ya kuwa ukumbusho wa kweli ni ule wa mawe, kama majumba ya kale ya pwani au makanisa makubwa ya Ulaya. Maneno hayo tumeyasikia mara nyingi katika vijiji vyetu, hata vinywani mwa watu waliosoma. Basi mwezi huu twataka kuwaletea wasomaji wetu habari za nyumba moja ya nyasi, iliyo mashuhuri kuliko majumba mengi ya mawe, kisha tuulize habari hizo zatufundisha nini sisi watu wa Buha.

Nyumba hiyo iko Buganda, juu ya kilima cha Kasubi, katika mji wa Kampala. Aliyeijenga ni Kabaka Muteesa wa Kwanza, mwaka 1882, iwe nyumba yake ya kukaa. Muteesa ndiye yule aliyempokea Stanley mwaka 1875, na Stanley ndiye yule aliyekutana na Livingstone huku kwetu Ujiji mwaka 1871. Kwa barua ya Stanley iliyochapwa katika gazeti la London, wamisionari wa Kiingereza walifika Buganda mwaka 1877, na Mapadri Weupe wakafuata mwaka 1879. Kwa hiyo nyumba ya Muteesa si habari ya mbali kwetu, maana njia iliyopita mlangoni mwake ndiyo njia iliyoleta mambo mengi katika nchi zote za maziwa makuu.

Muteesa alikufa mwaka 1884. Desturi ya zamani ilikuwa kwamba Kabaka akifa, mwili wake huzikwa mahali pamoja na taya lake huhifadhiwa mahali pengine, na kila mfalme huwa na kaburi la peke yake. Naye mfalme mpya hujenga mji wake juu ya kilima kingine. Lakini Muteesa alikuwa amekwisha kusikia mafundisho ya Waislamu na ya Wakristo, akawa wa kwanza kuzikwa mwili mzima, naye alizikwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mwanawe Mwanga alifia uhamishoni katika visiwa vya Shelisheli mwaka 1903, na mwaka 1910 mwili wake ukarudishwa na kuwekwa karibu na baba yake. Akafuata Daudi Chwa wa Pili, aliyekufa mwaka 1939. Wa mwisho ni Muteesa wa Pili, aliyefia London mwaka 1969, akaletwa Kasubi mwaka 1971. Hivyo baba, mwana, mjukuu na kitukuu wamelala chini ya paa moja. Watu huiita makaburi ya wafalme, lakini tukitazama vema twaona ni nyumba ya jamaa moja, ambayo wenyewe hawakuihama hata baada ya kufa.

Sasa tuitazame jinsi ilivyojengwa. Mtu akifika hukuta kwanza nyumba ndogo ya lango, iitwayo Bujjabukula, nayo imeezekwa kwa nyasi. Akipita hapo huona nyumba ya ngoma za kifalme, kisha huingia katika ua mpana uliozungushiwa boma la matete. Kandokando ya ua huo zimepangwa nyumba za wajane wa wafalme na makaburi ya watu wa ukoo. Mbele yake, ng'ambo ya ua, imesimama nyumba kubwa yenyewe, jina lake Muzibu Azaala Mpanga. Ni ya mviringo, na paa lake limeshuka toka kileleni hata karibu ya ardhi, kama kichuguu kikubwa. Upana wake kutoka ukingo hata ukingo ni kama mita 31, na kimo chake ndani ni mita 7 na nusu. Msomaji apimaye kwa hatua atafahamu ya kuwa makanisa mengi ya vijijini mwetu yangeingia humo yote.

Ndani, nguzo zimevikwa nguo za magome ya mti, na sakafu imetandikwa mchaichai na mikeka juu yake. Mtu akiinua macho huona pete kubwa zilizofungwa kwa ustadi, moja chini ya moja, kila moja pana kuliko ile iliyo juu yake. Pete hizo ni 52, na hesabu hiyo ina maana, kwani kila pete ni ya ukoo mmoja wa Waganda. Mtoto akiletwa humo huonyeshwa kwa kidole pete zote zikishika paa moja, naye hufahamu bila maneno mengi ya kuwa ukoo mmoja ukilegea nyumba yote hutetereka. Nyuma kabisa limetundikwa pazia la nguo za magome, na nyuma yake ndipo walipo wafalme wanne. Mahali hapo huitwa msitu, wala watu wote hawaruhusiwi kupita. Waganda husema ya kuwa mfalme hakufa, ameingia msituni.

Kazi za nyumba hiyo nazo zimegawanywa kwa koo. Kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, yaani Mbega, na kuremba ni kazi ya ukoo wa Ngo, yaani Chui. Mwenye kuezeka hujifunza kwa baba yake au kwa ndugu ya baba yake, toka kuchagua nyasi, kuzikata kwa wakati wake, kuzikausha, kuzifunga miganda, hata kuzipanga kuanzia chini kwenda juu ili ule wa juu ufunike shingo ya ule wa chini na maji yasipate njia. Wajane hulinda kwa zamu, na mwanamke mmoja wa ukoo wa kifalme, aitwaye Nalinya, ndiye mwangalizi wa mambo ya ndani. Kwa mpango huo hapana mtu asemaye, "Hii si kazi yangu."

Hapa yafaa tujibu lile neno la kwanza, kwamba nyasi huoza. Ni kweli, nyasi za mwaka 1882 ziliisha zamani sana. Nyumba ya Kasubi imeezekwa upya mara nyingi, na mwaka 1938, katika siku za Daudi Chwa, ilijengwa upya kwa matengenezo makubwa, hata nguzo za saruji na vyuma vikatiwa ndani ili paa lipate nguvu. Lakini hakuna aliyesema kwamba nyumba ya Muteesa imekwisha. Ufalme wenyewe uliondolewa mwaka 1967 na kurudishwa mwaka 1993, na katika miaka hiyo yote nyumba ilisimama na wajane waliilinda. Nyumba ya mawe hudumu kwa sababu mawe ni magumu. Nyumba ya nyasi hudumu kwa sababu watu hawakuacha kazi, na kila inapoezekwa upya, wazee hupata nafasi ya kufundisha na vijana nafasi ya kujifunza. Kwa ajili hiyo, mwaka 2001, UNESCO, ambalo ni shirika la Umoja wa Mataifa la elimu na utamaduni, liliiandika Kasubi katika orodha ya mahali penye urithi wa ulimwengu wote. Vilevile kazi ya Waganda ya kufanya nguo za magome ilitangazwa mwaka 2005 kuwa urithi wa wanadamu. Wazee wetu nao walivaa nguo za magome kabla ya marekani na kaniki kuenea, na leo ni vijana wachache mno wawezao kuutambua hata mti wake.

Tena yapasa tuseme habari ya msiba. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010, moto uliishika nyumba kubwa ya Kasubi. Kama tujuavyo sote, moto ukipanda juu ya nyasi kavu, hapana awezaye kuuzuia kwa ndoo. Muzibu Azaala Mpanga iliteketea, na mengi ya vitu vya kale vilivyokuwamo yakapotea. Makaburi yenyewe yalibaki salama chini ya majivu. Watu walikuja usiku ule ule, wakalia kama watu waliofiwa na mzazi. Mwaka huo huo UNESCO ikaiandika Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Wengi walidhani ya kuwa nyumba ya miti na nyasi itasimamishwa tena kwa msimu mmoja au miwili. Haikuwa hivyo. Kazi ilichukua zaidi ya miaka kumi, na fedha zilitoka kwa Waganda wenyewe, kwa serikali ya Uganda na kwa marafiki wa nje. Japani ilisaidia, hasa katika mambo ya kujikinga na moto. Kuchelewa huko kulikuwa na sababu nyingi, lakini moja ndiyo tutakayo wasomaji waiweke moyoni, nayo ni kwamba fedha haziezeki. Nyumba kubwa namna ile hutaka mafundi wenye ujuzi wa desturi, nao wenye ujuzi huo walikuwa wazee, hawakuwa wengi. Ilipasa vijana wakae chini ya mikono yao na kufundishwa. Kama moto ungalikuja wakati wazee hao wamekwisha kufa wote, Waganda wangalibaki na picha na vipimo, lakini mkono wa kuifanya kazi wasingaliupata sokoni. Mwezi wa Septemba 2023 ndipo Kasubi ilipoondolewa katika orodha ya hatari, nyumba ikiwa imesimama tena na pete zake 52.

Sasa turudi nyumbani Buha. Nyumba ya zamani ya Waha nayo ilikuwa ya msonge, ya mviringo, ya fito zilizopindwa na kuezekwa kwa nyasi, karibu na migomba na zizi. Kila jamaa ilikaa mahali pake, mbali kidogo na jamaa nyingine, juu ya mgongo wa kilima. Lakini makao hayo yalivunjwa mara mbili katika siku za baba na babu zetu. Mara ya kwanza ilikuwa kuanzia mwaka 1933, ugonjwa wa malale ulipowafanya watawala wa Kiingereza kuwahamisha watu wengi wa nchi hii na kuwakusanya mahali pamoja. Mara ya pili ilikuwa tangu mwaka 1972, vijiji vya ujamaa vilipoanzishwa katika mkoa wa Kigoma, na watu wakashuka barabarani kujenga kwa mistari. Katikati ya mambo hayo mawili, mwaka 1963, utawala wa machifu ulikomeshwa kwa sheria katika Tanganyika yote, na nyua za Bami zikapoteza kazi yake. Nyumba iliyoachwa haina wa kuiezeka, nayo isipoezekwa huanguka. Ndiyo sababu mtu akitafuta leo nyumba ya kale ya jamaa katika nchi yetu, mara nyingi huona miti ya mpaka, mawe matatu ya jiko na migomba iliyogeuka kuwa pori.

Hatusemi ya kuwa tuziache nyumba za matofali. Bati halivuji kama paa la nyasi lililochakaa, wala cheche ya jiko hailiteketezi, na mama mwenye watoto wadogo hulala kwa amani. Mwenye kutaka watu wakae katika nyasi ili wageni wapate kupiga picha, hawatakii mema. Twasema habari ya nyumba zile chache zilizobaki, na habari ya maarifa yaliyomo vichwani mwa wazee, ambayo hayana pengine pa kukaa. Mara nyingi mzee akifariki, wanawe hukutana kugawana. Shamba hupimwa kwa kamba, migomba huhesabiwa, hata majembe hutajwa moja moja. Ikifika zamu ya nyumba ya kale, mmoja husema, "Hiyo tuivunje, tupate kuni." Hakuna abishaye, maana haikuandikwa katika hesabu ya mali. Hivyo kitu ambacho jamaa hawataweza kukinunua tena huisha mekoni kwa juma moja.

Twajua pia ya kuwa wapo Wakristo waogopao nyumba za kale kwa sababu ya matambiko yaliyofanywa humo. Neno hilo si dogo, nasi hatutaki kulipuuza. Hata Kasubi ni mahali pa ibada za kimila kwa wengi. Lakini fikirini: Mwanga alibatizwa huko uhamishoni, Daudi Chwa na Muteesa wa Pili walikuwa Wakristo, nao wote watatu wamelazwa humo pamoja na babu yao. Waganda wengi waendao kanisani siku ya Jumapili walitoa fedha zao ili nyumba ile isimame tena. Wamejua kutenganisha heshima kwa wazazi na kuabudu wazazi. Kufunga fito vema si tambiko, wala kujua jina la nyasi zisizoliwa na mchwa si tambiko. Mtoto akijua mahali alipolala bibi yake, na mahali mgeni alipokaribishwa, amejifunza adabu, na adabu hiyo haipingani na imani yake.

Basi tufanye nini? Kasubi ina watu wa koo 52 na msaada wa mataifa, nasi hatuna hayo. Lakini kila jamaa yaweza kufanya machache, nayo hayatoi fedha nyingi.

Kwanza, ikiwa nyumba ya kale ingali imesimama, jamaa wakutane kabla mzee hajafa waamue nani ataitunza, nao waandike neno hilo pamoja na mambo ya shamba. Kitu kisicho na mwangalizi ni cha moto na mchwa.

Pili, nyumba ipimwe. Kamba moja na fimbo yenye alama zatosha. Pimeni upana wa sakafu, kimo cha kilele na upana wa mlango. Hesabuni nguzo na pete za fito. Andikeni jina la kila mti na la kila nyasi kwa Kiha, kama wazee wanavyolitaja, maana jina likipotea mti nao husahauliwa. Andikeni pia mahali pa jiko, pa kitanda, pa vyungu na pa ndama.

Tatu, mzee ajuaye kuezeka apewe vijana wawili au watatu, wasimtazame tu bali wafanye kazi chini ya mkono wake. Ikiwa hapana nyumba ya kuezeka, waezeke ghala au banda la mbuzi. Funzo la mkono halikai katika daftari.

Nne, moto. Kasubi imetufundisha kwa machozi. Msiingie na kibatari kisicho na kioo katika nyumba ya nyasi. Fyekeni majani makavu kuizunguka kabla ya kiangazi. Wekeni mtungi wa maji na mchanga mlangoni, na ngazi karibu. Vitu vya ukumbusho kama picha, vyeti na mkuki wa babu viwekwe katika nyumba ya bati, ili moto usije ukachukua vyote pamoja.

Nanyi walimu, neno moja kwenu. Wanafunzi wenu hujifunza kupima mduara ubaoni. Wapelekeni wakapime mduara wa nyumba ya kale, kisha wajenge mfano wake mdogo wa vijiti na nyasi uani mwa shule, na mzee mmoja wa kijiji aalikwe kuwasahihisha. Mtapata hesabu, maarifa ya mimea, na historia ya nchi katika somo moja. Naye mzee yule, aliyedhani kwamba shule imekuja kumfundisha yeye tu, ataona kwamba shule imekuja pia kujifunza kwake, nasi tumeona ya kuwa jambo hilo huleta mapatano makubwa kati ya wazazi na walimu.

Tena msiseme ya kuwa ni mapema. Nyasi hukatwa wakati wa kiangazi, na mvua ikianza zimekwisha kulala. Mzee naye ana kiangazi chake. Yeye aliyezaliwa kabla ya kuhamishwa mwaka 1972, akaiona nyumba ya babu yake ikiezekwa na mikono ya watu wa kwao, ni mtu mzima wa makamo au mkongwe sasa, na kila mwaka hesabu ya hao hupungua. Mwulizeni jioni hii, kabla ya kulala, nyumba ya baba yake ilikuwa na nguzo ngapi, na nani aliyepanda juu kufunga kilele. Atakayoyajibu yaandikeni katika daftari la jamaa, na chini yake andikeni jina lake na tarehe.